Sarafu ya Mjerumani: Usikimbilie mizani ya sonara

Dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa wakia Oktoba 2025. Kwa bei hiyo, mwenye sarafu kuukuu kabatini lazima awaze sonara. Ila ipo moja ambayo kuiuza kwa uzito ni kujipiga mwenyewe: rupia 15 ya mwaka 1916, yenye tembo upande mmoja na tai wa Kaiser upande wa pili.

Ina gramu 7.168, robo tatu ikiwa dhahabu. Piga hesabu: unapata takriban dola 700. Wakusanyaji wa sarafu hulipa maelfu ya dola kwa iliyo safi.

Kwa nini? Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto, Waingereza walifunga bahari na fedha kutoka Ujerumani zikakatika. Wajerumani wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha sarafu, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke. Zilitoka 16,198 tu.

Hata hizo hazifanani. Upande wa tai, tazama neno OSTAFRIKA. Pambo la kulia linaishia chini ya T, au chini ya A ya kwanza. Ni mihuri miwili tofauti, hazikutoka kwa idadi sawa, na mnunuzi makini ataangalia hapo kwanza. Muuzaji asiyejua atapigwa bei.

Tatizo ni kwamba nyingi zinazozungushwa WhatsApp siyo zenyewe. Feki ya shaba nyeupe yenye ukubwa uleule, milimita 22 hivi, itakuwa na gramu 4 au zaidi kidogo. Hapo ndipo mizani inasaidia.

Nyingine ni halali kabisa, ila siyo dhahabu: heller 20 za Tabora, kubwa na za njano, zilizopigwa pia 1916. (Heller ndiyo iliyotuachia neno "hela".) Nazo zina aina zake: taji kubwa au dogo, na ncha za herufi L zilizopinda au zilizochongoka. Usitupe, lakini usiahidi watu ng'ombe.

Vipi kuhusu hadithi za Arusha na vijiji vya Meru, kwamba Mjerumani alifukia masanduku akikimbia? Kwa sarafu hii, hesabu ya miezi inakataa. Waingereza waliingia Arusha Machi 1916, na boma la Wajerumani, leo Makumbusho ya Elimu Viumbe, likabadili mwenyewe. Tabora, mamia ya kilomita kutoka hapo, ilianguka Septemba. Sanduku zima la sarafu za mwaka huohuo lingefikaje Arusha kabla ya Machi? Moja moja, mfukoni mwa askari au mfanyabiashara, hilo linawezekana.

Ukiipata, piga picha pande zote mbili, ipime, kisha iache na uchafu wake. Kuisugua kwa majivu au dawa ya meno kunaacha mikwaruzo, na mkwaruzo hushusha bei kuliko uchafu.