Kabureta Hizi Zisomwe Kwanza

Mwezi uliopita nilialikwa katika karakana ya chuo kimoja cha ufundi kutazama gari kuukuu la Datsun 240Z. Wasomaji waliokula chumvi nyingi watalikumbuka: gari la aina hiyo ndilo aliloendesha Edgar Herrmann aliposhinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1971, na Shekhar Mehta mwaka wa 1973. Niliwakuta wanafunzi wakijiandaa kuing'oa injini yake ya silinda sita ili watie nyingine inayoongozwa na kompyuta. Sababu? Ilikuwa ikitoa moshi mweusi, na hapakuwa na aliyejua kurekebisha kabureta zake mbili.

Sikuridhika. Moshi mweusi ni dalili kwamba petroli imezidi hewa. Ndani ya kabureta hizo, pistoni hupanda na kushuka kwa kadiri ya hewa inayovutwa, na sindano iliyochongoka huinuka nayo ili petroli zaidi ipite. Ukizungusha nati iliyo chini, mchanganyiko hubadilika. Kisha sharti kabureta zote mbili zivute hewa sawasawa. Mimi nilifunzwa kuisikiliza hewa hiyo kwa kipande cha mpira sikioni.

Sipingi mageuzi. Breki bora ni halali hata kwa gari kongwe. Lakini kung'oa chombo kwa kuwa mwalimu hakifahamu ni kuwanyima vijana somo lililokwisha kufika mlangoni. Nilimsihi mwalimu asubiri muhula mmoja, amwite fundi mzee wa jua kali aliye ng'ambo ya barabara. Jibu lake nalingoja.