Baron Hirsch: Tajiri aliyekataa kutoa sadaka, akatoa mashamba kwa mkopo

MKULIMA anayelima shamba ambalo hati yake iko kwenye kabati la mtu mwingine anaijua hofu ya msimu mbaya. Mvua ikikosekana, deni halingoji.

Hali hiyo iliwakuta maelfu ya wakulima nchini Argentina zaidi ya miaka 100 iliyopita. Aliyewapa mashamba hakuwa mlanguzi wala benki. Alikuwa mmoja wa wafadhili wakubwa wa karne ya 19, Baron Maurice de Hirsch, na kisa chake kinamhusu kila mwanakijiji aliyewahi kuletewa mradi wa kilimo na mtu mwenye nia njema.

Hirsch alizaliwa Munich, Ujerumani, Desemba 9, 1831, katika familia tajiri ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa mwenye benki. Mwaka 1855 alimwoa Clara Bischoffsheim, binti wa mwenye benki mwingine wa Brussels, kwa hiyo mtaji haukuwa shida yake hata siku moja.

Utajiri wake mwenyewe ulitokana na reli. Mwaka 1869 serikali ya Uturuki ilimpa kibali cha kujenga njia ya kuunganisha Istanbul na Ulaya. Fedha zilikusanywa kwa kuuza hati za dhamana zilizochanganywa na bahati nasibu, na wengi walionunua walipata hasara Uturuki iliposhindwa kulipa madeni yake mwaka 1875. Treni za moja kwa moja kati ya Vienna na Istanbul zilianza mwaka 1888. Wakati huo Hirsch alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Ulaya, lakini hakuwa na mrithi. Mwanawe wa pekee, Lucien, alifariki mwaka 1887.

Baada ya msiba huo aliielekeza mali yake kwa Wayahudi wa Urusi, ambao sheria za mwaka 1882 ziliwakataza kuhamia vijijini na kununua ardhi huko. Alitaka kuipa serikali ya Urusi faranga milioni 50 zijenge shule za kufundisha Wayahudi ufundi na kilimo. Serikali ilipotaka izishike fedha hizo yenyewe, aliziondoa mezani. Mfanyabiashara hutaka kujua shilingi yake inakwenda wapi.

Sadaka hakuiamini. Aliona kwamba humzidisha ombaomba badala ya kumwinua, na kwamba mtu apewe nyenzo za kazi, kisha alipe.

Nafasi ilijitokeza mwaka 1889. Wayahudi zaidi ya 800 kutoka Urusi waliwasili Buenos Aires kwa meli iitwayo Weser, wakikuta ardhi waliyoahidiwa haipo. Walipelekwa jimbo la Santa Fe, wakalala kwenye mabehewa na mabanda ya stesheni, na makumi ya watoto wao wakafa kwa maradhi. Daktari mmoja, Wilhelm Loewenthal, aliwaona na kupeleka habari zao Ulaya. Kijiji walichokianzisha, Moisés Ville, kikawa mwanzo wa mradi wa Hirsch.

Mwaka 1891 aliandikisha London kampuni ya makazi ya Wayahudi, yenye mtaji wa pauni milioni 2. Hisa zilikuwa 20,000, na 19,993 zilikuwa zake mwenyewe. Hapo ndipo mwenye jicho la biashara anapopaswa kusimama kidogo. Waliokwenda kulima hawakuwa na hisa hata moja, na makao ya uendeshaji yalikuwa Paris. Hirsch mwenyewe hakukanyaga Argentina mpaka anakufa.

Mkataba ulikuwa hivi. Familia ilipewa shamba, nyumba, wanyama na zana. Vyote viliandikwa kuwa deni lenye riba, la kulipwa kidogo kidogo kila mwaka kwa miaka mingi. Hati ilibaki kwa kampuni mpaka senti ya mwisho. Aliyeshindwa aliweza kuondolewa, na mameneja waliotumwa kuwasimamia waligombana na wakulima mara kwa mara.

Wengi wa wakulima hao walikuwa wachuuzi na mafundi ambao hawakuwahi kushika jembe. Walipanda ngano mwaka baada ya mwaka, nzige na ukame wakaja, na waliotegemea zao moja hawakuwa na la kuuza. Waliochanganya ngano na majani ya alfalfa ya kulisha ng'ombe walipata nafuu, kwani maziwa na nyama vilileta fedha mavuno yalipoharibika.

Nafuu nyingine haikutoka Paris. Mwaka 1900 wakulima wa makazi ya Lucienville, yaliyopewa jina la marehemu mtoto wa Hirsch, waliunda ushirika mjini Basavilbaso, mmoja wa vyama vya kwanza vya ushirika wa wakulima nchini humo. Walinunua pembejeo kwa pamoja na kuuza nafaka kwa pamoja. Hiyo ndiyo sehemu ya mradi ambayo mfadhili hakuipanga, na pengine ndiyo iliyowafaa zaidi.

Si wote waliokubaliana na Hirsch. Juni 1895 mwandishi Theodor Herzl alimfuata Paris kumweleza kuwa Wayahudi wanahitaji taifa, si misaada ya tajiri mmoja. Hawakuafikiana. Miaka minane baadaye Herzl huyo huyo aliahidiwa na Uingereza ardhi ya Uasin Gishu, Kenya ya leo, bila wenyeji kuulizwa. Mkutano wa wafuasi wake uliikataa mwaka 1905.

Hirsch alifariki Aprili 21, 1896. Mpango wake ulikuwa kuhamisha watu zaidi ya milioni tatu katika miaka 25, lakini siku anakufa makazi ya Argentina yalikuwa na watu wasiofika 7,000. Kampuni iliendelea kununua ardhi hata ikafikia takriban hekta 600,000. Ardhi ilipopanda bei, baadhi ya wakulima walitaka kulipa deni lote mapema wapate hati zao, na kampuni ikawazuia. Waliomaliza kulipa walikuwa na uhuru wa kuuza, na wengi waliuza, wakawapeleka watoto mijini kusomea udaktari na sheria.