Treni inapita Maungu kila siku, lakini ya kwenda Mombasa na kurudi siku hiyo hiyo haipo

Hebu fanya hesabu hii na mimi. Uko Maungu, pale barabara kuu ya Mombasa ambapo malori hulala. Ni Jumamosi. Una elfu mbili mfukoni, huna gari, na hakuna mtu wenu mwenye gari. Unataka kwenda Mombasa asubuhi, uone Fort Jesus, ununue leso na nguo mbili tatu za mitumba, jioni urudi ulale kwenu. Mombasa iko kama kilomita 130 tu. Reli ya SGR unaiona kwa macho. Utasafiri na nini?

Kama unasoma hii ukiwa Nairobi, najua ushajibu: treni. Pole, umeanguka mtihani.

Treni inayosimama vituo vya kati huondoka Nairobi saa mbili asubuhi. Dada yake naye huondoka Mombasa saa mbili hiyo hiyo ya asubuhi. Safari nzima ni karibu saa sita. Sasa tazama sisi wa katikati. Maungu yenyewe haina kituo cha SGR. Voi iko kama kilomita 30 upande wa Nairobi, na kituo cha Miasenyi kiko upande wa Mombasa. Ukienda kupandia Voi, treni ya kutoka Nairobi inakukuta mida ya adhuhuri. Unashuka Miritini karibu saa nane mchana, na Miritini si mjini, bado kuna matatu ya kukuvusha kisiwani. Ukibahatika, saa tisa na kitu uko mlangoni Fort Jesus.

Na ya kukurudisha je? Ile iliondoka saa mbili asubuhi, ukiwa bado unapiga mswaki. Nyingine ni kesho. Kuna ya haraka ya saa tisa alasiri, lakini hata ikikubali kukushusha Voi, mapumziko yako Mombasa yatakuwa saa moja, na saa hiyo utaimalizia hapo hapo Miritini ukipanga foleni ya ukaguzi.

Geuza safari, sema unaenda Nairobi. Hadithi ni ile ile: unafika Syokimau karibu saa nane mchana, na treni ya asubuhi ya kukurudisha ilishatoka zamani. Yaani treni mbili zinapishana mbele ya macho yetu kila siku ya Mungu, na hakuna hata moja inayokuwezesha kwenda mji wowote na kurudi siku hiyo hiyo. Hakuna aliyekaa chini akasema watu wa Taita Taveta wasitembee. Mpangaji alifikiria tu mtu anayetoka mwisho mmoja kwenda mwisho mwingine. Sisi wa katikati ni mandhari ya dirishani, pamoja na ndovu.

Ingekuwa reli ya mtu binafsi ningenyamaza. Lakini kipande cha Mombasa hadi Nairobi kilichozinduliwa Mei 2017 kiligharimu takriban shilingi bilioni 327, na karibu asilimia 90 ya hizo ni mkopo wa Exim Bank ya China. Tangu 2013 kuna ushuru wa maendeleo ya reli unaotozwa bidhaa zinazoingia kutoka nje. Simu unayosomea makala hii, kama iliingia nchini kihalali, ilichangia. Ya binamu yangu pia ilichangia, na yeye hajawahi kuketi kwenye kiti cha hiyo treni.

Huyu binamu, mtoto wa shangazi, ndiye aliyenifanya niandike. Amemaliza kidato cha nne mwaka jana, historia alipata alama nzuri kuliko mimi, anaweza kukutajia Wareno na Waomani kwa mpangilio, na alikuwa hajawahi kuingia Fort Jesus. Shule yao ilipanga ziara mara mbili, mara mbili pesa za basi hazikutimia. Nikamwambia twende, tutajua mbele kwa mbele.

Tulisimama steji saa kumi na moja na nusu alfajiri. Jambo la kwanza ujue kuhusu kusafiri kutoka Maungu: matatu haianzii hapo. Inaanzia Voi, na hujaa Voi. Inapita ikipiga honi kama ya kukucheka. Mbili zikapita. Dereva wa lori akatuita, mia mbili mbili, tukakataa, na nawe kataa, hasa kama ni msichana na uko peke yako. Ya tatu ilikuwa na nafasi mbili nyuma kabisa. Shilingi 400 kila mmoja. Ushauri wangu: kama huna haraka ya usingizi, rudi nyuma hadi Voi jioni ya kuamkia safari, lala kwa jamaa, panda ya kwanza kabisa. Ni upuuzi kurudi nyuma ili uende mbele, najua.

Kisha ni ile njia yetu: Mackinnon Road na ule msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali Shah kando ya reli ya zamani, Taru, Samburu, Mariakani na foleni ya malori, Mazeras, Changamwe. Saa tatu na nusu tulikuwa Mwembe Tayari.

Anza na Fort Jesus. Usianze na maduka, utazunguka na mifuko kwenye ngome kama mkimbizi. Ni wazi kila siku. Weka pesa kwenye simu kabla, kwa sababu malipo ya taasisi za serikali siku hizi hupitia eCitizen, na ukifika ukiwa na noti pekee utasumbuka bure.

Ndani usikimbie. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, ramani ikachorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Miaka mia baadaye Waomani wakaizingira kuanzia 1696 hadi 1698, karibu miaka mitatu watu wamefungiwa humo njaa na maradhi yakiwamaliza. Meli iliyokuja kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama hapo hapo mbele ya ngome mwaka 1697, na vitu vilivyopigiwa mbizi kutoka chini ya maji ndivyo utakavyoviona kwenye makumbusho. Kuna ukuta uliochorwa na mabaharia wa Kireno: meli, watu, samaki, michoro ya mtu aliyechoka kusubiri. Tulikaa hapo muda mrefu kuliko popote. Binamu akasema ni kama kuta za choo cha bweni lao, ila hizi zimewekewa kamba zisiguswe.

Waingereza nao waliigeuza jela, kuanzia 1895 hadi 1958. Ikafunguliwa kama makumbusho 1960, na 2011 ikaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Tukiwa juu ya ukuta, upepo wa bahari unapiga, akaniuliza: na vya kwetu viko wapi? Nikabaki nimetoa macho. Vya kwetu vinavyojulikana zaidi duniani ni wale simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898. Patterson aliwaua, akakaa na ngozi kama mazulia miaka 25 hivi, kisha katikati ya miaka ya 1920 akaziuza kwa makumbusho ya Field, Chicago, kwa dola 5,000. Wako huko mpaka leo. Kwa hivyo mtoto wa Maungu akitaka kuwaona simba wa nyumbani atafute viza ya Marekani, na akitaka kuiona bahari atafute matatu yenye nafasi. Sijui ipi ni rahisi, manze.

Baada ya hapo teremka kwa miguu Mji wa Kale, pita Ndia Kuu, usilipe kila anayejiita gaidi wa watalii kabla hamjakubaliana bei. Marikiti ni ya viungo. Nunua iliki na mdalasini kidogo, nyumbani watakusifu wiki nzima. Biashara Street ni ya leso. Hapo soma maneno yaliyoandikwa kabla hujalipa, nyanya yako anajua kusoma na utaulizwa ulikuwa unamaanisha nini. Kongowea mimi nasema acha. Mitumba ni mingi na bei ni ya kuchekesha, lakini iko ng'ambo ya daraja la Nyali, na kuvuka na kurudi kunakula saa nzima usiyokuwa nayo. Chagua moja, ngome au Kongowea. Kwa siku moja ya matatu huwezi vyote.

Na hapa ndipo ratiba inapouma kweli. Saa tisa lazima uwe steji. Ukichelewa, gari za Voi zinapungua, nauli inapanda (sisi 500, kutoka 400 ya asubuhi), na giza likikukuta baada ya Mariakani ni wewe, taa za malori, na dereva anayepita gari pale asipoona mbele. Kungekuwa na treni ya saa kumi na mbili jioni inayosimama Mariakani, Miasenyi na Voi, tungekaa Mombasa saa tatu zaidi. Tungekula biriani tukiwa tumeketi. Nilinunua viazi karai vya kula garini.

Najua jibu litakalotolewa. Reli ni njia moja, treni hupishana kwenye vituo, na mizigo ndiyo inaleta pesa. Sawa, ni kweli. Pia abiria wa Miasenyi hawawezi kujaza mabehewa. Lakini sijaomba treni ya Maungu ya kila siku. Shirika la Reli lilifufua njia ya Nanyuki, na likaanzisha treni ya wikendi ya Kisumu iliyotoka Nairobi Ijumaa jioni na kurudi Jumapili, ikapangwa kabisa kulingana na maisha ya mtu wa Nairobi anayeenda ushago. Kumbe kupanga treni kulingana na maisha ya mtu kunawezekana. Jumamosi pekee ingetosha kuanzia: moja ya kushuka Mombasa alfajiri kutoka Mtito Andei au Voi, ile ile ikapanda jioni. Wanafunzi, wagonjwa wa kliniki, akina mama wa kuchukua bidhaa Marikiti, wote wangeipanda.

Badala yake mazungumzo yamehamia barabara. Kampuni ya Marekani, Everstrong Capital, ilisukuma barabara ya kulipia kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa takriban dola bilioni 3.6. Ingekuwa nzuri kwa wenye magari, sina kinyongo. Ila sikusikia mtu akisema matatu ya Voi ingelipa ngapi kuipita, na ingeilipa, hiyo pesa ingetoka mfuko wa nani. Mwaka 2027 wagombea watakuja hapa Maungu na maspika yao. Wengi watatuuliza tunataka nini, nasi tutasema maji na ndovu, kama kawaida, kwa sababu hayo ndiyo yanayotuua. Mimi nitaongeza la tatu.

Tulishuka Maungu saa mbili kasorobo usiku. Binamu alikuwa na leso mbili, viatu vya raba, na picha 140 kwenye simu, tisini zikiwa za bahari. Sasa marafiki zake wanne wanataka kwenda Agosti. Nimewaambia mpango ni ule ule: elfu mbili, eCitizen iwe na pesa, na tukutane Voi siku moja kabla.