Mitambo ya kukaza ngozi: Onyo la Marekani lisipuuzwe nchini

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilipotoa onyo Oktoba 2025 kuhusu mitambo ya kukaza ngozi kwa mawimbi ya redio, wengi humu nchini huenda waliliona kuwa jambo la matajiri wa ng'ambo. Sivyo. Mitambo ya aina hiyo imo katika kliniki za urembo jijini Nairobi.

FDA ilieleza kuwa ilipokea ripoti za watu waliochomeka, kupata makovu, kupoteza mafuta ya chini ya ngozi, kuharibika sura na kudhurika neva. Wengine walilazimika kufanyiwa upasuaji. Onyo lililenga mitambo inayopitisha mawimbi kwa sindano ndogo zinazodungwa ngozini. Ile inayopitishwa juu ya ngozi pekee haikulengwa, ingawa nayo huweza kuchoma.

Teknolojia yenyewe si geni. Marekani iliidhinisha mtambo wa kwanza wa kupunguza makunyanzi kandokando ya macho mwaka 2002. Mkondo wa umeme hupenya ngozi, nayo ngozi inapoukinza, joto huzuka. Joto hilo hunywesha nyuzi za kolajeni, kisha mwili huunda nyingine kwa muda wa miezi kadhaa. Kwa hivyo, anayeahidiwa uso wa ujana kufikia jioni anadanganywa.

Kwa Mwafrika, kuna hoja moja ambayo wauzaji huipigia debe, nayo ni ya kweli. Miale ya leza hufyonzwa na melanini, rangi ya ngozi, hivyo mweusi huwa katika hatari zaidi ya kuungua. Mawimbi ya redio hayabagui rangi. Hata hivyo, hoja hiyo huishia njiani. Joto likizidi, ngozi nyeusi ndiyo huelekea zaidi kubaki na madoa na kovu la kuvimba, na madoa hayo huweza kudumu kwa miezi mingi.

Suala kuu basi ni nani anayeushika mtambo. FDA ilisisitiza kuwa utaratibu wa sindano ni tiba, si urembo, na haufai kufanyiwa nyumbani. Anayeufanya hana budi kujua kina cha neva za uso, na kumuuliza mteja iwapo ana kifaa cha kudhibiti mpigo wa moyo, ambacho umeme huo unaweza kukivuruga.

Baraza la Madaktari nchini (KMPDC) lilifunga kliniki moja ya urembo Nairobi mwaka 2024 baada ya mwanamke kufariki kufuatia utaratibu wa kuondoa mafuta mwilini. Huo ulikuwa utaratibu tofauti na mzito zaidi, lakini hatua ilichukuliwa mtu akiwa amekwisha kufa. Ukaguzi wa leseni za wanaotumia mitambo hii, na wa mitambo yenyewe, wafaa kutangulia malalamiko. Kwa sasa mteja hana budi kuomba kuonyeshwa leseni ya daktari kabla ya kulala kitandani, na akijibiwa kwa hasira, aondoke.