Amekuomba msamaha mara ngapi mwezi huu?

UNAMJUA huyu jamaa. Ijumaa jioni simu yake imezimwa, na wewe umeshavaa, umekaa kitandani unasubiri akupigie mtoke. Jumamosi saa sita mchana ndipo meseji inaingia: "Pole babe, simu iliisha chaji. Haitatokea tena." Unasamehe. Ijumaa mbili baadaye, chaji imeisha tena.

Na si wanaume pekee, jamani. Kuna dada anayekutusi mbele ya marafiki zako, kisha usiku anakurekodia sauti kwenye WhatsApp huku akilia.

Sisemi machozi hayo ni ya uongo. Hapo ndipo wengi wetu hukosea: tunapima sauti, macho na urefu wa meseji tukitaka kujua kama mtu anamaanisha. Huenda anamaanisha kabisa, saa hiyo. Hapendi kukuona umenuna, anataka hali hiyo iishe. Ukicheka tu, kwake mambo yameisha. Kilichokuwa kinamsumbua ni hasira yako, si alichokufanyia.

Pole ya aina hiyo ni kama Fuliza. Anakopa kwenye imani yako, anatumia, anarudi kukopa. Ila Fuliza hukata chake pesa zikiingia tu. Wewe hukati kitu, na bado unampandishia kiwango!

Kwa hivyo akisema pole tena, usimuulize kama anamaanisha. Muulize Ijumaa ijayo itakuwaje. Anayejuta atakuwa na jibu dogo la kawaida: nitakupigia saa kumi na moja kabla sijatoka kazini, na nikiwa na mpango mwingine nitakwambia mapema. Anayetaka unyamaze atakuja juu: "Si nimeshasema pole? Unataka nifanye nini?"

Mjibu. Mwambie hasa unachotaka, kisha umwangalie. Tabia haibadiliki kwa siku moja, na aliyezoea kuchelewa saa tatu akianza kuchelewa dakika ishirini, huyo anajaribu. Mpe nafasi.

Lakini kama pole yenyewe inakuja baada ya kofi, usingoje Ijumaa yoyote. Ondoka hapo, mwambie mtu unayemwamini, na upige 1195. Hulipi chochote kupiga nambari hiyo, hata kama huna kredo.