Subira Haifuti Haki ya Mtoto

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu wasomaji, juma hili tumekusudia kulizungumzia jambo ambalo familia nyingi hulibeba kimya kimya. Ni mtoto aliyepata ulemavu wakati wa kuzaliwa, au mama aliyetoka katika chumba cha kujifungulia na jeraha la kudumu, pale inapoonekana kuwa madhara hayo yametokana na uzembe wa waliokabidhiwa kuwahudumia. Wazazi wa namna hii hufika katika ofisi ya msikiti kuomba dua. Dua ikishasomwa, huuliza lile lililowaleta hasa: je, kudai fidia si kupinga kadari ya Mwenyezi Mungu? Na je, tukisamehe, hatutapata ujira mkubwa zaidi?

Maswali haya yanastahiki majibu yaliyotulia, kwa sababu nyuma yake yupo mtoto ambaye hawezi kujisemea.

Kadari na uzembe

Muislamu anaamini kuwa hakuna linalotokea nje ya elimu na matakwa ya Allah. Lakini imani hiyo haikupata kumwondolea mwanadamu dhima ya kitendo chake. Aliyemgonga mtu kwa bahati mbaya amekutana na kadari, na Qur'an katika Surat An-Nisaa, aya ya 92, imemwajibisha kulipa dia kwa warithi wa aliyeuawa kwa makosa. Kadari ingekuwa inafuta dhima, aya hiyo isingekuwa na kazi.

Ama kuhusu tiba, imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud na nyinginezo kuwa Mtume (S.A.W) alimbebesha dhamana mtu anayejitia utabibu ilhali hajulikani kuwa na elimu hiyo. Mafakihi wakaifafanua dhamana hii. Ibn Rushd, aliyekuwa fakihi na tabibu kwa pamoja, ameigusa katika Bidayatul Mujtahid, na Ibnul Qayyim ameieleza katika Zadul Ma'ad. Kwa muhtasari, tabibu mjuzi aliyepewa idhini, akatimiza haki ya fani yake na mkono wake usivuke mpaka, hana dhamana hata matokeo yakiwa mabaya. Asiyekuwa na ujuzi huo, au aliyevuka mpaka wa fani, anadhamini.

Hata kichanga kilicho tumboni sharia haikukiacha. Katika kisa mashuhuri cha wanawake wawili wa kabila la Hudhayl, kilichomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W) alihukumu fidia maalumu kwa mimba iliyopotea kwa pigo. Mafakihi wakaikadiria kuwa sehemu moja ya ishirini ya dia kamili. Mtoto akizaliwa hai kisha akafa kwa jeraha hilo, dia yake huwa kamili. Na majeraha yasiyowekewa kiwango, thamani yake hukadiriwa na kadhi kwa msaada wa wajuzi.

Kwa hiyo kudai fidia ni mlango ambao dini yenyewe imeufungua. Subira ni namna moyo unavyoupokea msiba. Madai ni namna haki inavyorejeshwa mahali pake. Mja anaweza kuyakusanya yote mawili.

Si kila ulemavu ni kosa

Hapa tunawaomba wasomaji wetu uadilifu. Mtindio wa ubongo una sababu nyingi: maambukizi wakati wa ujauzito, mtoto kuzaliwa kabla ya miezi yake, homa ya manjano kali ya mtoto mchanga, na nyinginezo ambazo hakuna mkunga angeweza kuzizuia. Mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa ni sababu mojawapo tu, na hata huko kukosa hewa huweza kuja ghafla mbele ya mhudumu aliyefanya kila alichopaswa kufanya.

Uzembe una alama zake. Mama mwenye uchungu anapaswa kufuatiliwa kwa chati maalumu ambayo wakunga huiita patografu. Humo huandikwa mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo katika hatua ya kwanza ya uchungu husikilizwa kila nusu saa na kwa kawaida huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Huandikwa pia kufunguka kwa njia, kunakopimwa takriban kila saa nne. Chati hiyo iliwekwa ili uchungu uliokwama uonekane mapema na mama apasuliwe au apewe rufaa kabla ya madhara. Basi ikiwa mama alikaa usiku kucha bila kupimwa, au mapigo ya mtoto yalishuka na hakuna aliyeitwa, au upasuaji uliamuliwa ukacheleweshwa saa nyingi bila sababu, hapo kuna swali la kuulizwa. Vivyo hivyo pale mtoto mkubwa anapokwama mabega, akavutwa kwa nguvu hadi mishipa ya fahamu ya mkono ikaharibika. Na vivyo hivyo kwa mama aliyeachwa na uchungu pingamizi mpaka akapata fistula.

Aidha, tusisahau hali za wahudumu. Huenda nesi mmoja alikuwa na wazazi wengi usiku ule, na kosa likawa la walioendesha hospitali kuliko la aliyeshika zamu. Kumtaja mtu kwa jina mitandaoni na kumwita muuaji kabla haijabainika ni dhulma juu ya dhulma. Kwenda kufanya fujo wodini ni kuwadhuru wagonjwa wengine wasio na hatia.

Kalamu kabla ya wakili

Qur'an imetufundisha katika aya ya deni, ya 282 ya Surat Al-Baqara, kuandika na kushuhudisha. Familia nyingi hupoteza haki zao kwa sababu hawana karatasi, ingawa ukweli wanao. Basi mama akishapata nafuu, na aketi na mtu anayemwamini, waandike kila wanachokumbuka: saa ya kufika, nani alimpokea, alipimwa mara ngapi, aliambiwa nini, mtoto alilia baada ya muda gani. Jamaa aliyemsindikiza naye aandike yake.

Kisha zihifadhiwe kadi ya kliniki, karatasi ya kuruhusiwa, barua za rufaa na majibu ya vipimo. Nakala ya faili iombwe kwa maandishi kwa mganga mfawidhi, na barua hiyo ibaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ikiwa faili halitolewi, mahakama ina uwezo wa kuamuru litolewe shauri likishafunguliwa. Risiti zote zitunzwe, zikiwemo za dawa, mazoezi ya viungo na usafiri, kwa kuwa mahakama zetu hutaka hasara inayotajwa kwa kiasi mahususi ithibitishwe. Maumivu na mateso hukadiriwa na hakimu au jaji mwenyewe.

Jambo la nne, na ndilo gumu kuliko yote, ni kauli ya mtaalamu. Mdai anatakiwa kuonesha kuwa mhudumu alikuwa na wajibu, kwamba aliuvunja, na kwamba kuvunja huko ndiko kulikoleta jeraha. Hilo la mwisho halithibitiki kwa machozi. Linahitaji daktari bingwa alisome faili na aseme kwa dhamira safi.

Milango na muda

Tanzania Bara, malalamiko dhidi ya mwenendo wa daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na ya nesi au mkunga hupelekwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Mabaraza haya yanaweza kumwonya mhusika, kumsimamisha au kumfuta katika daftari la wanataaluma. Ifahamike kwamba kazi yao ni kulinda taaluma na wananchi. Fidia hutafutwa kwa sulhu au kwa shauri la madai mahakamani, na kusubiri uamuzi wa baraza hakusimamishi saa ya sheria.

Saa hiyo haina huruma. Kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Muda, madai ya namna hii hufunguliwa ndani ya miaka 3. Sheria hiyo humhurumia mtoto, kwani muda wa madai yake mwenyewe hauhesabiwi akiwa bado mdogo. Lakini madai ya mama na baba hayana nafuu hiyo, na mafaili hupotea, na mashahidi huhama na kufa. Ikiwa hospitali ni ya serikali, hutakiwa kwanza notisi ya siku 90, nakala yake ikienda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Asiye na uwezo wa wakili ajue kuwa ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na zipo taasisi kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TAWLA zinazotoa msaada huo.

Kwa wanaodhani kuwa mnyonge hasikilizwi, tuwakumbushe hukumu ya Mahakama Kuu ya Kenya mjini Bungoma ya mwaka 2018. Mwanamke aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma mwaka 2013, kisha akatukanwa na kupigwa na wauguzi, alipewa fidia ya shilingi milioni 2.5 za Kenya, na mahakama ikaamuru aombwe radhi. Takriban miaka mitano ilipita baina ya tukio na hukumu. Huko nako ni kusubiri, na kusubiri kwenyewe hakukuwa kukaa kimya.

Nani mwenye haki ya kusamehe?

Tunafika kwenye jambo lililotusukuma kuandika makala haya. Mara nyingi hospitali, au mtu aliyetumwa, huja na bahasha ya pole pamoja na karatasi ya kutia sahihi. Baba, kwa uchovu au kwa ucha Mungu, husema, "Tumesamehe," kisha huweka dole gumba. Je, amesamehe cha nani?

Kusamehe ni jambo tukufu, na malipo yake yako kwa Allah. Lakini mtu husamehe kilicho chake. Maumivu ya mama ni haki ya mama, naye ni mtu mzima mwenye ulimi wake. Mumewe hawezi kuyasamehe kwa niaba yake. Ama haki ya mtoto ni mali ya mtoto. Walii ni mlinzi wa mali hiyo, na mafakihi wameweka wazi kuwa walii hana ruhusa ya kuitoa sadaka mali ya aliye chini ya ulezi wake, bali huiendesha kwa maslahi yake. Mtoto huyu atahitaji mazoezi ya viungo, kiti cha magurudumu, dawa za kifafa pengine, na mtu wa kumlisha siku wazazi wake watakapokuwa makaburini. Aliyeiachia haki yake kwa bahasha amemwachia umaskini.

Sheria ya nchi nayo imeliona hili. Shauri la mtoto likishafunguliwa, makubaliano kwa niaba yake huhitaji idhini ya mahakama. Sulhu ni kheri, nasi tunaihimiza, ila iwe sulhu iliyoandikwa, iliyopitiwa na mwanasheria, na inayotazama mahitaji ya mtoto ya miaka ijayo. Fedha ikipatikana, itengwe kwa ajili yake. Isigeuzwe mtaji wa duka la mjomba wala mahari ya mke wa pili.

Na wanaodai nao wamche Allah. Asiongeze mtu neno lisilosemwa wala saa isiyokuwapo, kwani mali inayopatikana kwa ushahidi wa uongo ni moto.

Wajibu wetu sote

Akina baba, tunawasihi. Mama wa mtoto huyu hakumlemaza. Wapo wanaomtuhumu kwa mikosi na majini, wapo wanaomrejesha kwao na mtoto mgongoni. Kumtelekeza mwanamke aliyekwisha kudhulumiwa wodini ni kumdhulumu mara ya pili, na safari hii mwenye kudhulumu ni yule aliyeapa kumhifadhi.

Nazo kamati za misikiti zisiishie kwenye dua. Mfuko wa sadaka unaweza kugharamia nauli ya mazoezi ya kila wiki. Miongoni mwa waumini wamo madaktari na mawakili ambao saa moja yao baada ya swala ya Ijumaa ingeokoa haki ya maisha mazima. Dada mwenye fistula aelezwe kuwa maradhi yake yana tiba, na aelekezwe hospitali zinazojulikana kwa kazi hiyo, kama CCBRT ya Dar es Salaam, badala ya kufichwa chumba cha uani.

Tunamwomba Allah awaponye watoto wetu na mama zao, awape wahudumu wetu uangalifu na nguvu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosimamia haki za wasioweza kuzidai wenyewe.

Wallahu aalam.