Acheni Kuisingizia Pampu

Kutoka Itigi hadi Kigoma, gari la dizeli likianza kukosa nguvu, hukumu hutolewa kabla boneti haijafunguliwa: "Pampu imekufa." Dereva anasema hivyo, fundi anaafiki, mwenye gari anaanza kutafuta fedha. Pampu inafunguliwa, inaviringishwa kwenye kitambaa na kupakiwa kwenye basi la Mwanza au Dar es Salaam, na gari linabaki gereji likingoja. Imani hii imekita mizizi Tabora, Urambo, Kaliua na Sikonge kiasi kwamba anayeipinga huonekana mbishi asiyejua magari. Mimi naipinga. Katika gari lisilovuta, pampu ni ya kushukiwa mwisho. Desturi ya kuishuku kwanza inakula fedha na muda wetu, na pale gari linapokuwa la kubeba wagonjwa, inachezea uhai wa watu.

Tuanze na jinsi injini ya dizeli inavyopata nguvu zake. Watu wengi hudhani nguvu ni mafuta tu, kwa hiyo nguvu zikipungua lazima kinacholeta mafuta kiwe kimeharibika. Wanasahau hewa. Lita moja ya dizeli, ili iungue yote, inahitaji hewa kama lita 10,000, na injini ikiwa kazini hutumia zaidi ya hapo. Ichukueni injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 na silinda sita iliyomo katika Land Cruiser nyingi za wilayani, zile tunazoziita mkonga. Haina tabo ya kuisukumia hewa. Inavuta kwa pumzi yake yenyewe. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, humeza zaidi ya lita 5,000 za hewa kila dakika. Hewa yote hiyo hupita kwenye filta moja ya karatasi.

Sasa fikirieni hewa hiyo inatoka wapi. Tabora iko kwenye uwanda wa juu wa Unyamwezi, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kadiri hiyohiyo. Dereva aliyezoea pwani akifika huku na kuona gari limekuwa zito, gari lake halina ugonjwa. Ni mwinuko. Juu ya hilo weka vumbi. Ni kweli lami imefika sehemu nyingi ambazo zamani zilikuwa mateso, lakini tumbaku haivunwi kando ya lami, wala mizinga ya nyuki haitundikwi kwenye lami. Ukiacha barabara kuu kuelekea vijijini wakati wa kiangazi, ukawa nyuma ya lori lililobeba mitumba ya tumbaku, filta ya hewa inaweza kujaa vumbi kwa siku chache. Kitabu cha gari kinachotaja kilomita za kubadilisha filta hakikuandikwa kwa ajili ya njia hizo, na chenyewe huagiza kwamba penye vumbi muda ufupishwe.

Njia hii ya kutoka pwani kupitia Tabora ndiyo ileile ya misafara ya zamani. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipita hapa mwaka 1857 kutoka pwani wakielekea Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakiikanyaga kabla yao na baada yao, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushei. Mpagazi akianza kubaki nyuma, mtu mwenye akili hakutangaza kwamba moyo wake umekufa. Alitazama mzigo, akatazama miguu, akauliza kama amekunywa maji. Gari nalo lina haki ya kuulizwa maswali mepesi kabla ya kupasuliwa.

Swali la kwanza ni kama injini ndiyo yenye kosa. Breki inayoshika bila kuachia hulifanya gari kuwa zito kama lililokwama kwenye tope, na dereva huilaumu injini. Endesheni gari kilomita chache bila kukanyaga breki sana, simameni, pelekeni mkono karibu na kila rimu. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, mmekwisha kumpata mwizi. Kama injini inapandisha sauti lakini mwendo haupandi, hiyo ni klachi inayoteleza, na hakuna pampu duniani itakayoiponya.

Swali la pili ni la pedali. Mtu mmoja akanyage mafuta hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa, mwingine atazame mkono wa pampu kama unafika mwisho wake. Waya uliolegea, au zulia lililokunjamana chini ya pedali, huzuia mafuta kukanyagwa yote. Hapo mtu anadai injini imechoka, kumbe hajawahi kuidai nguvu zake zote.

Swali la tatu ni hewa. Toeni filta mkaitazame kwenye mwanga wa jua. Kagueni na mkonga, bomba la kuvutia hewa, tangu juu hadi kwenye filta, maana majani na viota vya wadudu huingia humo. Kwenye magari yenye tabo, fuateni mipira yote ya hewa hadi kwenye injini: mpira uliopasuka upande wa chini, pasipoonekana, huvujisha hewa ambayo tabo imeisukuma, na gari hutoa moshi mweusi huku likitambaa mlimani. Moshi mweusi ni shahidi mzuri: unasema mafuta yapo na hewa imepungua. Lakini ni moshi huohuo ambao mafundi wengi huutaja kuwa ushahidi dhidi ya pampu. Bomba la moshi nalo likaguliwe, kwa kuwa likibonyea kwa kugonga kisiki, injini hushindwa kutoa pumzi.

Swali la nne ni mafuta kabla hayajafika kwenye pampu, na hapa ndipo penye hazina. Fungueni kifuniko cha tenki baada ya gari kukosa nguvu. Kikivuta hewa ndani kwa nguvu na gari likapata uhai tena, tundu la kupumulia tenki limeziba. Tazameni filta ya dizeli, mwageni maji yaliyokusanyika chini yake. Vijijini dizeli nyingi huuzwa kwenye mapipa na madumu yaliyokaa nje, yakaingia maji ya umande na ya mvua. Maji yakikaa chini ya tenki, vijidudu huzaliana pale yanapogusana na mafuta na kutengeneza utelezi mweusi unaoziba chujio na filta. Mpira wenye ufa mdogo kati ya tenki na pampu hauvujishi hata tone, kwa kuwa pampu inavuta. Badala yake unaingiza upepo. Unganisheni kipande cha mpira unaopenya mwanga kabla ya pampu, mtaona mapovu yakipita.

Halafu kuna kipimo kimoja ambacho, kama kila gereji ingekifanya, makala hii isingehitajika. Chukueni dumu safi lenye dizeli safi, liwekeni juu kuliko pampu na lifungwe imara, vuteni mpira mfupi mpya kupitia filta mpya moja kwa moja hadi kwenye pampu, rudisheni na mpira wa marejeo ndani ya dumu, kisha mlijaribu gari likiwa na mzigo. Likivuta kama zamani, pampu imeachiwa huru na mahakama. Kosa liko kwenye tenki, chujio, mipira au filta. Kipimo hiki kinachukua kama saa moja, na gharama yake ni mpira, filta na dizeli ambayo itatumika hata hivyo.

Kwenye Hilux na magari mengine ya kisasa, kompyuta ikiona jambo lisilo sawa hupunguza nguvu makusudi ili kuilinda injini, na mara nyingi huwasha taa kwenye dashibodi na kuhifadhi namba ya kosa. Kufungua pampu bila kuisoma namba hiyo ni kufanya kazi gizani huku taa ikiwa mkononi. Na hata kosa likionekana kuwa upande wa pampu, mara nyingine ni valvu ndogo iliyofungwa juu yake ya kupima mafuta yanayoingia, ambayo hubadilishwa peke yake.

Kama maswali haya ni rahisi hivi, kwa nini imani ya pampu haifi? Inaishi kwa sababu inaonekana kuthibitishwa. Fundi anapoifunga pampu iliyorudi Mwanza, hufunga na filta mpya, hubadilisha mpira uliochakaa, hukaza viungo, hutoa upepo wote kwenye njia ya mafuta, na kwa kuwa kazi ni kubwa huipuliza na filta ya hewa. Gari linanguruma. Wote wanasema: mnaona, ilikuwa pampu. Hakuna anayeuliza ni lipi kati ya yote yaliyofanywa lililorudisha nguvu. Ushahidi wa namna hiyo hauthibitishi chochote, lakini husimuliwa kijiweni kwa miaka, na fundi kijana anaukuta umekwisha kuwa sheria.

Inaishi pia kwa sababu ya sisi wenye magari. Tunalipia chuma, hatulipii akili. Fundi akitumia saa mbili kupima, akakuta kifuniko cha tenki ndicho chenye kosa, tunampa fedha ya soda na kulalamika kwamba hakufanya kitu. Akifungua pampu, tunaona mafuta mikononi, tunaona spea, tunatoa malaki bila ubishi. Tumemfundisha fundi wetu kwamba kugundua hakulipi na kufungua kunalipa. Kisha tunashangaa anafungua.

Watetezi wa imani hii wana hoja moja ya kweli. Pampu hufa. Pampu za injini kama 1HZ hulainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo maji, uchafu au mafuta ya taa huisaga taratibu. Tulipitia miaka ya uchakachuaji, hadi EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Pampu nyingi ziliumia. Lakini hoja hii ikifuatwa hadi mwisho inawageukia wenyewe. Kama uchafu wa tenki ndio ulioiua pampu, basi pampu mpya ikifungwa kwenye tenki lilelile, chini ya filta ileile, itakufa vilevile. Hata pale pampu ilipokufa kweli, kazi ya kwanza bado ni kukagua njia ya mafuta.

Ubaya mkubwa zaidi unatokea pampu isipopelekwa Mwanza. Fundi huchukua bisibisi na kuzungusha skrubu ya mafuta ili pampu imwage zaidi. Gari linapata nguvu kidogo, dereva anafurahi, moshi unatanda barabarani. Mafuta yasiyo na hewa ya kutosha huongeza joto la moshi unaotoka, na joto hilo huishia kwenye pistoni, kichwa cha silinda na tabo. Tatizo la filta linageuzwa kuwa tatizo la injini nzima.

Mkoa wetu wa Tabora umekwisha kulipa ada ya somo hili. Urambo ilikuwa moja ya sehemu tatu za mpango wa karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mpango ulianza mwaka 1947 kwa matrekta na mabuldoza mengi yaliyokuwa mabaki ya vita, na mashine nyingi zikalala zimeharibika. Mwaka 1951 ukafutwa. Waliamini mashine zingeishinda nchi ambayo hawakuipima kwanza. Tunaporusha fedha kwenye pampu bila kupima vumbi, maji na mwinuko wa nchi yetu wenyewe, tunarudia kosa hilohilo kwa kipimo kidogo, kila wiki.

Gari la wagonjwa linalotoka Sikonge kuja hospitali ya Kitete lina kama kilomita 70 za kukimbia. Likilala gereji wiki mbili kungoja pampu ambayo haikuwa na kosa, mama anayejifungua atapandishwa kwenye pikipiki. Kwa sababu hiyo siliiti jambo hili ubishi wa mafundi. Ni suala la huduma ya umma, na wanaosimamia magari ya umma wanapaswa kudai karatasi ya vipimo kabla ya kuidhinisha ununuzi wa pampu yoyote. Chuo cha ufundi cha VETA Tabora kinaweza kuwafanya vijana wake waogope kuhitimu bila kujua kipimo cha dumu.

Nawe mwenye gari, sharti lako liwe moja. Fundi akisema pampu imekufa, muulize: umekagua breki na klachi, umepima hewa, umefungua tenki, umelijaribu gari kwa dumu safi? Akikujibu kwa vipimo, mlipe vizuri kwa kupima kwake, hata kama kosa ni kifuniko tu. Akishindwa kukujibu, asiguse pampu yako.